Nyokabi Ameniambia Nichague Chipu

Jumatatu, 1 Agosti 2011

Meseji! Kutoka Nyahururu! Kutoka kwa Nyokabi mwenyewe, na si ile ya kutumiwa kila mtu ya kutakiana wiki njema. Nainakili hapa kwa sababu kabambe yangu, hii simu ya vitufe, ikijaa hujifutia vitu bila kuniuliza: "Sasa Amos. Nimeamua kujifunza microcontroller. Wewe chagua family moja, PIC ama AVR, mimi nitafuata. Tusome pamoja, wewe huko mimi huku. Niambie nianze kutafuta vitu."

Tusome pamoja! Niliisoma nikiwa nakamua ng'ombe. Ng'ombe akapiga ndoo teke, maziwa yote chini. Mama alisema maneno ambayo mwanakwaya hapaswi kuyajua.

Kwa faida ya watakaosoma shajara hii nikishakuwa maarufu: maikrokontrola ni kompyuta nzima ndani ya chipu moja, ndogo kuliko kidole. Unaiandikia programu, inawasha taa, inapima joto, inafungua geti. Zipo jamii nyingi, na ukishajifunza moja ni kazi kuhama, kwa kuwa kila jamii ina vifaa vyake, watu wake na kiburi chake. Nyokabi naye ni binti wa Mzee Mungai, aliyekuwa na duka la spea za redio kule Turbo, ukuta kwa ukuta na kwetu. Mimi na yeye tulijifunza kulehemu kwenye kaunta moja. Halafu ikaja ile Januari ya fujo baada ya uchaguzi wa 2007. Duka likachomwa. Wakakaa kwenye mahema pale uwanja wa maonyesho, wakapakiwa lori, wakaenda. Mama akakataa kuamka kila siku akitazama kuta nyeusi, tukahamia huku Kimumu, Eldoret. Basi.

Ninamtamani Nyokabi. Nikisikia harufu ya solda hugeuka kumtafuta. Nimeandika, na imeandikwa.

Mtu mwingine angejibu PIC, au angejibu AVR, akarudi kukamua. Mimi si mtu mwingine. Itakuwaje nikichagua PIC na kumbe moyoni anapenda AVR? Mpango: nigundue kwa siri anachokipenda yeye, kisha nichague hicho hicho. Atashangaa jinsi mioyo yetu inavyofanana! Nimemjibu kwamba suala lake limepokelewa na linashughulikiwa.

Jumatano, 3 Agosti

Nimemtembelea binamu yangu Paul. Paul hufundisha umeme katika chuo kimoja hapa mjini na hawezi kunywa chai bila kukumbusha watu jambo hilo. Ni mtu wa PIC. Nilipomwambia tu kwamba nafikiria kuingia kwenye maikrokontrola, alifunga mlango, akatoa sanduku kabatini na kunifungulia polepole. Ndani mlikuwa na chipu za PIC zimepangwa kwenye sponji.

Alihubiri hadi chai ikapoa. Kwamba PIC ndiyo inayofundishwa vyuoni. Kwamba PIC ipo kwenye mashine za kukamulia, kwenye mita, kwenye kila kitu cha maana. Kwamba watu wa AVR ni watoto wanaobandika vitu tayari na kujiita mainjinia. Akaniuliza kama nimewahi kugusa AVR. Nikamwambia sijawahi, na sina haja. Akanikumbatia. Paul hajanikumbatia tangu tubatizwe!

Nimeondoka na programa yake, kile kifaa cha kuingiza programu kwenye chipu, na PIC mbili. Amesema nikiviharibu atamwambia Mama.

Nilitaka kumuuliza kama anafikiri msichana angependa PIC. Nikaona haya.

Alhamisi, 4 Agosti

Leo kwa Nasambu. Ana cyber, duka la intaneti, karibu na stendi, na nyuma ya kaunta ana meza ya kuchezea elektroniki. Ni mtu wa AVR. Alinisikiliza, akacheka, akasema PIC ni ya makumbusho. Akanionyesha bodi yake ya Arduino, ambayo moyo wake ni AVR. Ukiichomeka kwenye kompyuta na kuandika mistari michache, taa inawaka. Kweli iliwaka! Nikapiga makofi peke yangu, wateja wa cyber wakageuka.

Akaniuliza kama nimeshaonjeshwa PIC na yule binamu yangu. Nikasema Mungu apishe mbali. Wakati huo programa ya Paul ilikuwa ndani ya koti langu, ikinichoma mbavu. Nasambu akanipa bodi yake ya pili niende nayo, akasema, "Beba tu. Lakini nisikie umeiweka meza moja na PIC!"

Nikatumia nafasi hiyo ya mtandao kumwandikia Nyokabi kwa ujanja mkubwa. Sikumuuliza anapenda nini. Niliuliza, kwa jumla tu, wasichana wa Nyahururu kwa kawaida hupendelea jamii gani ya chipu. Akajibu: "Amos, nimekuuliza wewe."

Anaficha. Ni mwerevu sana, na hilo ndilo linalonimaliza.

Jumapili, 7 Agosti

Kanisani. PIC moja ilianguka kutoka mfukoni wakati wa sadaka, ikaingia kwenye kikapu. Ilibidi nimfuate mzee wa kanisa hadi mbele. Watu walidhani nimeokoka. Wengine waliimba.

Tukirudi, Mama akauliza vitu hivi vyote ni vya nini. Nikamweleza kuhusu Nyokabi na swali lake. Mama akasimama katikati ya barabara, boda boda ikamkwepa. Akasema kumbe huyo mtoto bado ananikumbuka. Akasema tangu Mama Nyokabi aondoke hajapata mtu wa kukaa naye jikoni wakacheka bila sababu. Kisha akasema atamwita mjomba wangu wa Kapseret na wazee wengine wawili, wachukue kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, waende Nyahururu wakaongee na Mzee Mungai kama watu. Hata wiki hii. Kwetu kijana haendi kuposa peke yake, ni lazima wazee watangulie.

Moyo wangu ulitaka kuruka. Lakini nikamwambia angoje kwanza.

Akauliza angoje nini.

Nikasema nangoja kuchagua chipu. Mama akasema baba yangu, Mungu amrehemu, naye alikuwa hivyo alipotaka kununua ng'ombe. Alitazama meno ya ng'ombe wote wa soko mpaka soko likafungwa.

Jumanne, 9 Agosti

Balaa! Meseji nyingine. Mzee Mungai amepata mtu wa kununua ploti ya Turbo, mfanyabiashara wa mahindi anayeitwa Joseph. Jumamosi wanakuja, Mzee na Nyokabi, kumwonyesha mipaka. Mwisho ameandika: "Baba bado hajaamua. Kuna siku anasema anauza, kuna siku anasema anarudi kujenga. Kama kuna mtu huko ana neno, alilete Jumamosi."

Nyokabi anakuja! Sijamwona tangu lile lori. Alikuwa ameketi juu ya magodoro, akatoa mkono nje ya turubai, na mimi nikapunga wangu hadi lori likapotea, na bado nikaendelea kupunga.

Mtu wa kawaida angepeleka neno. Lakini neno ni nini? Linapeperuka. Mimi nitapeleka kitu. Nitatengeneza bango la taa ndogo nyekundu, limeandikwa KARIBU, nilitundike pale pale duka lilipokuwa. Wataliona wakishuka tu. Mzee atalia, hatauza, watarudi. Na katika bango hilo ndimo Nyokabi ataiona jamii niliyoichagua.

Ambayo ni ipi?

Nimezunguka meza mara nyingi. Nikitumia PIC, nitakuwa nimemtupa Nasambu, na labda Nyokabi pia. Nikitumia AVR, Paul atamwambia Mama. Kisha likanijia! Nchi hii ilipogawanyika kati ya wagombea wawili wa urais, tulifanyaje? Tulikata mkate nusu kwa nusu, kila mmoja akapewa ofisi na gari lenye bendera. Bango litakuwa la nusu mkate. PIC itawasha K, A, R, I. AVR itawasha B na U. Hakuna atakayeudhika. Sijui kwa nini mainjinia wengine hawajaliona hili.

Alhamisi, 11 Agosti

Nalehemu tangu jana. Kitambaa cha meza cha Mama kina matundu, naye anajifanya hajaona. PIC ya kwanza niliiwekea umeme kinyume. Ilitoa moshi kidogo, harufu yake chungu. Niliketi nikitazama ule moshi, nikakumbuka moshi mwingine, nikalazimika kutoka nje na kuzungumza na ng'ombe.

Ya pili ilikubali. KARI ikawaka! Nikaizima, nikawasha upande wa AVR. BU ikawaka! Nikawasha zote pamoja. Zikawaka, zikafifia, zikazima. Zikajaribu tena, zikazima tena. Umeme wa kulisha mmoja unatosha. Wa kulisha wawili hautoshi, na hakuna anayekubali kupunguza taa zake. Nimebembeleza pande zote mbili. Nimepiga meza ngumi. Serikali yenyewe inaendelea hivi hivi tangu mwaka wa elfu mbili na nane, kwa hiyo sikukata tamaa.

Katikati ya shida hii, nani anaingia? Paul. Alikuja kuangalia programa yake. Akaiona bodi ya Nasambu imelala ubavuni mwa PIC yake, zimeunganishwa kwa waya. Kisha akasema hakutarajia haya kutoka kwa mtoto wa shangazi yake. Amechukua programa na kuondoka bila kunywa chai, na Paul kuacha chai ni jambo zito. Kufikia jioni alikuwa ameshampigia Nasambu, ambaye huwa hamsalimii, wakakubaliana kwamba mimi ni mtu hatari. Angalau nimewapatanisha.

Jumamosi, 13 Agosti

Nitaandika yote, hata kama sipendi.

Nilifika Turbo mapema na panga. Ploti imejaa nyasi za kufika kifuani. Chini yake saruji ya duka bado ipo, na unaweza kuona mahali kaunta ilipoishia. Nikafyeka. Nikapigilia vigingi viwili, nikatundika bango, nikaunganisha betri ya gari niliyoazima. Nilikuwa nimeamua kutenga upande wa B na U kwa sasa, hadi mazungumzo yaendelee. KARI ikawaka vizuri. Ila jua lilikuwa kali, na taa nyekundu juani hazionekani. Mzee mmoja aliyekuwa akipita alikaribia, akaziba jua kwa kofia, akasoma, akauliza kama wale KARI wa serikali, wa kutafiti mahindi, ndio wamenunua hapa. Akasema ni vizuri, wataleta mbegu.

Mama alikuja na kibuyu cha mursik. Sikuwa nimemwalika.

Wakashuka saa saba. Nyokabi amekuwa mwembamba, na nywele amezikata. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilisema, "Umefika." Akasema, "Nimefika, Amos." Hotuba yote ikaishia hapo. Ningeweza kusimama pale nikimtazama mpaka mahindi yavunwe.

Mzee Mungai alinisalimia, akamsalimia Mama kwa mikono miwili, kisha akatembea hadi mahali pa kaunta na kusimama upande wa ndani, kama zamani. Joseph, yule mnunuzi, akawa anapima ploti kwa hatua na kusema ghala lake litatosha.

Nyokabi akazunguka nyuma ya bango. Nikamfuata. Akaona PIC upande mmoja, AVR upande mwingine, na waya zimepinda katikati. Akauliza kwa nini ziko mbili. Nikamweleza habari ya nusu mkate. Akacheka hadi akashika kigingi. Nilicheka naye, na kwa muda huo mfupi tulikuwa kwenye ile kaunta tena na hakuna kilichowahi kuungua. Kisha akapangusa macho, na akaendelea kuyapangusa.

Mama ndiye aliyeanza. Hakuzunguka. Alimpa Mzee mursik, akasema, "Baba Nyokabi, usiuze. Rudini. Sisi tunawataka."

Mzee akanywa, akapangusa mdomo. Akasema, "Asante, Mama Amos. Wewe nimekusikia. Lakini mimi na wewe tumezeeka. Nataka kusikia huyu atakayebaki hapa." Akanigeukia. "Kijana, unasema aje? Niuze ama nirudi?"

Joseph aliacha kupima. Nyokabi alikuwa akinitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu yeyote, na sidhani nitatazamwa hivyo tena.

Neno lilikuwa mdomoni. Rudini. Naapa lilikuwa mdomoni. Kisha nikawaza uchaguzi mwingine unaokuja. Nikawaza wamejenga, wamepanga spea kwenye rafu, halafu ile barabara inajaa watu tena wakipiga mbinja, na Mzee ananikumbusha ni nani aliyemwambia arudi. Nikawaza pia ni vipi nikisema uza na baadaye kukawa shwari. Nikaona kila upande una hoja.

Nikasema, "Mzee, naomba hadi Jumatatu nifanye utafiti."

Mama aliinamisha kichwa. Mzee Mungai alisema sawa, kwa upole sana, akaenda kumwonyesha Joseph bikoni, jiwe la mpaka, ya upande wa nyuma. Mvua ikaanza. Nyokabi alinisaidia kulifunika bango kwa mfuko wa mbolea, akabana ncha vizuri ili maji yasiingie. Aliponipa mkono wa kwaheri aliushika kidogo zaidi ya kawaida, au ni mimi niliyeushika.

Jumatatu, 15 Agosti

Nilimaliza utafiti jana. Nilipiga mistari, upande wa kurudi na upande wa kuuza. Mama hakunisemesha siku nzima, ila alikuwa akiweka sufuria chini kwa nguvu. Asubuhi hii matokeo yalikuwa wazi kabisa: wasiuze, warudi. Nilimpigia Mzee saa mbili kamili nikiwa nimevaa shati jeupe, sijui kwa nini.

Alisema asante kwa kupiga. Alisema yeye na Joseph walipeana mikono palepale Jumamosi, baada ya mvua kupungua, nilipokuwa nikibeba betri. Akasema nisijisumbue, na nimsalimie Mama.

Baadaye Nyokabi akaandika: "Usijali Amos. Mimi nimeanza tu na AVR. Leo nimewasha taa yangu ya kwanza. Ilikuwa rahisi kuliko nilivyofikiri."

Nimelia. Nimelia kwenye zizi ili Mama asinione, na Mama alikuwa upande wa pili wa zizi, naye analia. Ile ploti ilikuwa yake pia kwa namna fulani. Nimerudisha bodi kwa Nasambu. Aliipokea bila kunisuta, na hilo likauma zaidi.

Jumapili, 21 Agosti

Siku ya ajabu! Mungu yupo!

Kwanza, Paul amenisamehe na kunywa chai mbili. Pili, Nasambu ameniambia kuna jamii ya tatu, inaitwa MSP430, na kwamba mtu makini hawezi kuchagua kati ya zile mbili kabla hajaitazama hii. Nilijua! Nilijua kuna kitu kilikuwa kinakosekana kwenye utafiti wangu.

Lakini hayo ni madogo. Alasiri simu ililia mlio wa meseji. Nyokabi! Amepata kazi ya kutengeneza simu, na si moja, ni mbili. Moja ni Nakuru. Nyingine ni hapa, Eldoret, mjini kabisa, dakika chache kutoka hapa nilipoketi! Ameandika: "Nimeambiwa nijibu leo. Mimi naweza kuja huko kama kuna mtu ananitaka huko. Nije Eldoret ama niende Nakuru? Niambie tu ukweli."

Mama alikuwa mlangoni na sufuria mkononi, akasoma uso wangu, akauliza ni Nyokabi? Nikamwambia ndiye. Akaweka sufuria chini polepole na kuanza kuomba.

Mtu hubadilika. Nimeona gharama ya kukawia, nimeilipa, na sitarudia. Safari hii hakuna Jumatatu, hakuna mistari, hakuna kwenda kwa Paul. Sikusubiri hata dakika. Vidole vyenyewe vilikimbia kwenye simu, nikabonyeza kutuma kabla Mama hajafika amina.

Nilimjibu: "Inategemea."

Upesi ulioje! Najisikia mtu mpya. Sasa nimeiweka simu kwenye chaji na nimekaa karibu nayo, ninangoja aniulize inategemea nini.